Paswadi moja ya waifai, vyumba 31, na askari anayeiuza: nifanyeje?

#1 Mtepe_Tudor
Jumanne, saa 3:10 usiku

Asalaam alaykum wanabaraza, na wengine wote hamjambo.

Shangazi yangu ana hosteli ya wanafunzi hapa Tudor. Vyumba 31, ghorofa nne, faiba imeingia chini, akses pointi (vile vifaa vinavyorusha waifai) tano. Waifai ameniachia mimi kwa kuwa "wewe ndiye uliyesomea mambo ya kompyuta", na malipo yangu ni wali wa nazi kila Ijumaa.

Paswadi ni moja nyumba nzima. Tangu Mfungo Mosi nimeibadilisha mara nne, na kila mara wiki haiishi kabla kasi haijashuka vilevile. Juzi natoka alfajiri kufuata mahamri, nawakuta vijana saba wa bodaboda wamejipanga kwenye ukuta wetu, kila mmoja kainamia simu. Namuuliza mmoja, mwafanya nini hapa? Anijibu bila wasiwasi: "Twatumia waifai, ndugu. Kwani wewe hujanunua?"

Kumbe muuzaji ni askari wetu wa usiku. Alianza na shilingi 20. Nilipobadilisha paswadi mara ya tatu akapandisha hadi 30, ati kwa ajili ya usumbufu.

Kumfukuza hakusaidii, maana wanafunzi karibu 60 nao wanaijua, na kila mmoja ana mpenzi, binamu na rafiki. Sasa nikiingia kwenye mipangilio ya akses pointi naona kuna Personal, ndiyo tunayotumia, halafu kuna Enterprise. Nikigusa hiyo ya pili inaniuliza anwani ya "seva ya RADIUS". Ni mdudu gani huyo? Ni wa kununua? Shangazi ametoa elfu kumi na amesema hataongeza hata senti.

#2 Kaimati_Moto
saa 3:22 usiku

Huyo askari mpandishe cheo awe meneja wa mauzo. Anajua biashara kuliko nyinyi wote.

#3 Pweza77
saa 3:41 usiku

Mtepe usijisumbue na mambo makubwa. Weka hotspoti ya vocha. Mtu akijiunga anaona ukurasa, analipa kwa M-Pesa, anaandika nambari ya vocha, basi. Mimi nina mtaa mzima Kisauni natumia hivyo na hakuna anayenisumbua. Sijawahi kugusa Enterprise na nyumbani kwangu watu wanakula.

#4 Ami_Nyaya
saa 4:30 usiku

Mtepe mwanangu, siri ya watu 60 haijapata kuwa siri hata ukiibadilisha kila Ijumaa. Na kuna jambo baya kuliko bodaboda. Kwenye WPA2, ulinzi wa waifai mnaotumia, ikiwa ya paswadi moja, mtu anayeijua hiyo paswadi akiinasa salamu ya kwanza kati ya simu yako na akses pointi wakati unajiunga, anaweza kuyafungua mawasiliano yako yote ya waifai na kuyasoma. Bado programu kama za benki zina kufuli lao la ndani, lakini ujue kwamba ukuta kati ya chumba 12 na chumba 13 ni wa matofali tu. Hewani hakuna ukuta.

Sasa huyo mdudu. Jina RADIUS limetoka enzi za modemu za simu, zile zilizokuwa zikilia kama paka aliyebanwa mlangoni. Mwaka 1991 kampuni ya Marekani iitwayo Livingston iliwatengenezea Merit Network, mtandao wa vyuo vya Michigan, njia ya kuweka daftari moja la watumiaji mahali pamoja, ili mashine zote za kupokea simu ziulize hapo badala ya kila moja kuwa na daftari lake. Itifaki ikaandikwa rasmi baadaye, na maandishi yanayotumika kama msingi mpaka leo ni ya mwaka 2000. Ni mzee, ana magonjwa ya uzee, lakini bado ndiye anayefungua milango ya waifai karibu dunia nzima.

Kwenye waifai mambo huenda hivi, na nisome polepole kwa sababu hapa ndipo watu hupotea.

Kuna watu watatu. Simu ya mwanafunzi. Akses pointi yako, ambayo ni bawabu. Na seva, ambayo ndiyo yenye daftari. Simu inapokuja, bawabu haiachii kitu kipite. Haina intaneti, haina hata anwani ya IP. Kinachoruhusiwa ni kijidirisha kidogo cha mazungumzo ya aina moja tu, yaitwayo EAP, kwa utaratibu wa 802.1X ambao ulitoka mwaka 2001 na mwanzo wake ulikuwa kwa ajili ya swichi za waya. Bawabu anauliza: wewe nani? Simu inataja jina. Bawabu anaifunga ile sentensi ndani ya pakiti ya RADIUS na kuipeleka kwa seva, UDP mlango wa 1812. Seva inajibu, bawabu anafungua bahasha na kuirudisha kwa simu.

Angalia sana hapo. Bawabu haelewi kinachosemwa. Simu na seva wanazungumza wao kwa wao, yeye ni tarishi. Paswadi ya mwanafunzi haikai kwenye akses pointi hata sekunde moja, kwa hivyo mtu akikung'olea akses pointi ya ghorofa ya tatu akakimbia nayo, hajapata paswadi ya mtu yeyote. (Siri ya kati ya akses pointi na seva ataipata, basi hiyo uibadilishe siku hiyohiyo.)

Mwisho wa mazungumzo seva hutamka moja kati ya mawili: Access-Accept au Access-Reject. Ikikubali, pamoja na neno la ndiyo inampa bawabu malighafi ya ufunguo, ambayo simu nayo imeipata kwa upande wake. Kutoka hapo wanatengeneza funguo za kipindi kile, za simu ile peke yake. Chumba 12 hakiwezi tena kusoma ya chumba 13.

Halafu kuna mlango wa pili, 1813, wa hesabu. Akses pointi inaripoti: fulani ameingia saa ngapi, ametoka saa ngapi, ametumia baiti ngapi. Kwa hivyo ukimwona mtu mmoja anakula faiba nzima, utajua jina lake.

Kununua hununui. Tafuta kompyuta kuukuu, weka Linux, weka FreeRADIUS. Ni ya bure, ipo tangu 1999.

#5 Mtepe_Tudor
saa 4:52 usiku

Ami, shukran sana, Mungu akupe afya. Ina maana kila mwanafunzi nimpe jina na paswadi yake, na akihama namfuta yeye tu, wengine hawaguswi?

Lakini si ataiuza yake?

#6 Ami_Nyaya
saa 5:05 usiku

Aiuze. Utaweka Simultaneous-Use iwe 2, yaani jina moja lisiwe hewani kwenye vifaa zaidi ya viwili. Simu na laptopu. Akimuuzia mwana bodaboda, itakuwa laptopu yake ndiyo inayokataliwa usiku wa kuamkia mtihani. Utaona ukarimu unavyoisha. Ila hilo linataka hesabu za 1813 ziwe zinafanya kazi na zinaandikwa kwenye hifadhidata, la sivyo seva haina njia ya kujua nani yuko ndani.

#7 BintiMakupa
Jumatano, saa 12:40 asubuhi

Ami Nyaya ameeleza vizuri nami naongeza pale alipopapita haraka. Nafanya kazi hii kila siku, na kati ya mitandao kumi ninayoitwa kukagua, minane ina kosa hilihili.

Mtepe, wewe unafikiria namna seva itakavyomjua mwanafunzi. Simu ya mwanafunzi nayo itaijuaje seva?

Chukua mfano wa mtu mwovu. Anakuja na akses pointi yake ndogo ndani ya begi, anakaa kwenye hao vijana wa ukutani, anaipa jina lilelile la mtandao wenu. Nyuma yake ameweka seva yake ya RADIUS. Simu ya mwanafunzi inapita getini, inaona jina inalolijua, inajiunga. Kama haijaambiwa seva halisi ina sura gani, itazungumza na huyo tapeli kwa adabu zote.

Njia ya EAP mtakayotumia huenda ikawa PEAP, na ndani yake ukaguzi wa paswadi uitwao MSCHAPv2, kwa kuwa simu zote zinaijua. PEAP kwanza hujenga handaki la TLS, yaani njia iliyofungwa asisome mtu wa nje, na seva huonyesha cheti chake kama tovuti ya benki inavyofanya. Ndani ya handaki ndipo jina na uthibitisho wa paswadi hupita. Handaki likijengwa na tapeli, tapeli ndiye anayeona kilicho ndani. MSCHAPv2 haitumi paswadi yenyewe, inatuma jibu la fumbo lililotokana nayo. Lakini mwaka 2012, kwenye mkutano wa wadukuzi wa DEF CON, Moxie Marlinspike na David Hulton walionyesha kwamba kulivunja fumbo hilo ni sawa na kuvunja ufunguo mmoja wa DES, kufuli la zamani la biti 56, kazi isiyozidi siku moja kwa mashine inayofaa. Hata paswadi iwe ndefu kama barabara ya Malindi.

Kwa hivyo kinga yote iko kwenye cheti. Kwenye kila simu lazima yajazwe mambo mawili: cheti cha mamlaka iliyotia sahihi, na jina la seva. Yote mawili. Ukitumia cheti cha mamlaka ya umma bila kutaja jina la seva, mtu yeyote mwenye cheti cha mamlaka ileile ataweza kujifanya wewe. Kwa hosteli, naona kheri utengeneze mamlaka yako mwenyewe, ndogo, na uwagawie wanafunzi faili lake.

Kwenye simu za zamani za Android kuna chaguo la "Usithibitishe". Google waliliondoa kwenye simu zao kuanzia sasisho la Desemba 2020 la Android 11, lakini simu za zamani zimejaa. Wanafunzi watalichagua hilo kwa sababu ndilo la haraka. Usiwaruhusu.

@Pweza77, kaka, sikubezi, lakini hotspoti ya vocha kwa kawaida ni mtandao wazi. Hewani hakuna kilichofungwa. Mteja wako anatambuliwa kwa anwani ya MAC, nambari ya utambulisho ya simu, na MAC anainakili mtoto wa darasa la nane.

#8 Pweza77
saa 1:15 asubuhi

Dada, na mimi sikubishii. Hiyo MAC imenitesa kweli. Wateja wananunua vocha ya wiki, kesho wanarudi kupiga kelele kwamba imekwisha. Nimekaa mwezi nikidhani ni wizi.

#9 BintiMakupa
saa 1:28 asubuhi

Hakuna mwizi hapo. Tangu Android 10 mwaka 2019 na iOS 14 mwaka 2020, simu zinatumia MAC za kubuni, na mteja akiusahau mtandao na kujiunga upya anaweza kuja na nyingine. Mashine yako inamwona ni mgeni.

Na hotspoti yako kule nyuma nayo inazungumza na RADIUS, sivyo? Kama seva umeikodi nje na maombi yanakwenda kwa PAP (paswadi inatumwa yenyewe, bila EAP) juu ya UDP wazi kwenye intaneti, soma habari za Blast-RADIUS ya Julai 2024. Watafiti walitumia udhaifu wa MD5, ile hesabu ya miaka ya tisini inayolinda majibu ya RADIUS, wakaweza kugeuza Reject kuwa Accept wakiwa katikati ya njia. EAP ilinusurika kwa sababu yenyewe hulazimisha sifa iitwayo Message-Authenticator katika kila pakiti. Sasisha mashine zako zote mbili, ya hotspoti na ya seva, ulazimishe hiyo sifa, na trafiki ya RADIUS uipitishe ndani ya VPN au TLS.

#10 Pweza77
saa 1:31 asubuhi

Nasasisha sasa hivi. Chai imepoa.

#11 MpigaKasia_Likoni
saa 4:05 asubuhi

Kwa kuwa mmetaja seva za kukodi, nami niseme langu. Nilikuwa nahudumia ofisi moja ya klirensi na fowadi karibu na bandari, sitaitaja. Watu 40. Bosi alisoma mahali kwamba kila kitu siku hizi kiko kwenye wingu, akanunua RADIUS ya kulipia kwa mwezi, seva iko Ulaya. Ilifanya kazi vizuri tu, na mimi nikasifiwa.

Ikaja tarehe 12 Mei 2024. EASSy na Seacom, nyaya mbili za baharini, zikakatika huko kusini. Intaneti haikufa kabisa, ilikuwa inachechemea. Sasa sikilizeni: mtu kufungua barua pepe kwa subira iliwezekana. Kuingia kwenye waifai ndiko kulikoshindikana! PEAP si swali moja na jibu moja. Cheti kinakatwa vipande, kila kipande kinakwenda na kurudi, unaweza kufika safari kumi kabla ya kupata Accept. Kila safari ikichelewa au pakiti moja ikizama, akses pointi inasubiri sekunde zake chache, inajaribu tena, inachoka. Watu hawakuweza hata kuchapisha karatasi kwenye printa iliyo mita tatu kutoka mezani, kwa sababu ruhusa ya kuifikia printa ilikuwa inatoka Ulaya.

Madereva wamejaa nje, mmoja ananiuliza, "Fundi, karatasi ya kontena langu imekwama wapi?" Nilishindwa kumwambia imekwama baharini.

Mtepe, seva yako ikae palepale hosteli.

#12 Kaimati_Moto
saa 4:11 asubuhi

Ungemwambia tu. Angekuelewa, naye amekwama Changamwe tangu alfajiri.

#13 Mtepe_Tudor
saa 8:20 mchana

Nimewasoma wote mara mbili. Maswali mawili ya mwisho. Paswadi za wanafunzi nizihifadhije kwenye seva? Nilifundishwa chuoni kwamba ni lazima zisagwe kwa bcrypt, hesabu ya kuzificha zisirudishwe zilivyokuwa. Na televisheni? Kuna moja ya sebuleni na wanafunzi wanne wana zao. Haina hata mahali pa kuandika jina la mtumiaji.

#14 BintiMakupa
saa 8:47 mchana

Bcrypt na MSCHAPv2 hazikai nyumba moja. MSCHAPv2 inataka seva iwe na paswadi yenyewe au NT-hash yake, yaani ilivyosagwa kwa namna ya Windows, na NT-hash ikiibiwa inatumika kama ilivyo, haihitaji hata kuvunjwa. Ukitaka bcrypt, tumia EAP-TTLS na PAP ndani ya handaki: simu inatuma paswadi kamili, seva inaisaga na kulinganisha. Kwa maneno mengine, TTLS inakupa daftari salama zaidi lakini inategemea cheti zaidi, kwa maana tapeli akifaulu kujenga handaki anapewa paswadi mkononi. Windows inaijua TTLS tangu Windows 8.

Iliyo bora kuliko zote ni EAP-TLS, ambapo kila simu ina cheti chake na hakuna paswadi kabisa. Lakini kuwawekea vyeti wanafunzi 60 wenye simu za kila kabila, kwa malipo ya wali wa nazi, hapana. Mimi ningeanza na PEAP, paswadi uzitengeneze wewe kwa bahati nasibu ili zisiwe zile wanazotumia kwenye barua pepe zao, na seva uifungie kabatini.

#15 Ami_Nyaya
saa 10:15 jioni

Televisheni ziwekee mtandao wa pili wa paswadi, jina tofauti, VLAN (kipande cha mtandao kilichotengwa) tofauti, kasi uibane. Paswadi yake usimpe mtu, iandike wewe mwenyewe kwa rimoti. Vidole vitauma lakini ni televisheni tano tu.

Tena RADIUS inaweza kumpeleka kila mtu kwenye VLAN yake wakati wa Accept: Tunnel-Type iwe 13, Tunnel-Medium-Type iwe 6, na Tunnel-Private-Group-Id iwe nambari ya VLAN. Wanafunzi VLAN 20, ofisi ya shangazi VLAN 10. Jina la mtandao ni lilelile, anayeingia ndiye anayeamua anatua wapi.

Na ile siri ya pamoja kati ya akses pointi na seva, kila akses pointi iwe na yake, ndefu. Nikisikia umeacha "testing123" nakuja Tudor na bakora.

#16 Mtepe_Tudor
Siku 16 baadaye, saa 4:40 usiku

Waungwana, imekubali!

Kompyuta kuukuu nimeipata kwa 7,500, iliyobaki imekwenda kwenye waya na kufuli la kabati. Nilikaa uani chini ya mwembe, laptopu mapajani, nikaendesha freeradius -X ili nione kila neno linalopita. Nikamwita mwanafunzi wa kwanza. Akaandika jina, akaandika paswadi. Reject. Akarudia. Reject. Akaniangalia jinsi mtu anavyomwangalia fundi wa bomba maji yanapomwagika zaidi baada ya kutengenezwa.

Nasoma logi: jina linakuja "Chumba14 ". Nililompa ni "chumba14". Simu yake imekuza herufi ya kwanza yenyewe, na alipochagua neno kwenye pendekezo la kibodi ikamwongezea nafasi mwishoni. Nafasi! Kitu kisichoonekana hata ukikodoa. Tulipofuta, mistari ikashuka, handaki likajengwa, nikaona Access-Accept. Wallahi nilipiga makofi peke yangu. Kuanzia hapo nimeiagiza seva ishushe herufi zote na kukata nafasi za pembeni kabla ya kulinganisha.

Cheti cha mamlaka nimewagawia kwa kundi la WhatsApp la hosteli, na karatasi ya maelekezo nimebandika kila ghorofa. Bodaboda wamehamia ukuta wa jirani. Askari nimempa akaunti yake halali, ili asiseme nimemkatia riziki na burudani kwa pamoja.

Kuna jambo moja. Shangazi ameona kwamba hesabu zinaonyesha nani ameunganishwa saa ngapi. Sasa anataka kila asubuhi nimletee orodha ya wasichana ambao simu zao hazikuonekana usiku.

#17 BintiMakupa
saa 4:58 usiku

Mkatalie, kwa heshima zake. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na taarifa zilizokusanywa ili kuendesha waifai hazigeuzwi kuwa daftari la nani amelala wapi. Weka hesabu kwa muda mfupi unaokutosha kutatua matatizo, kisha zijifute. Asipoziona hatazitamani.

Na simu iliyozimwa je? Chaji imeisha, binti wa watu amelala fofofo, kesho anaitwa ofisini.

#18 Mtepe_Tudor
saa 5:03 usiku

Hiyo ya chaji ndiyo nitakayomwambia. Ya sheria atasema mimi na serikali tumekula njama.

#19 Mtepe_Tudor
Miezi miwili baadaye, Jumapili, saa 5:25 usiku

MSAADA. Simu inalia tangu Isha. Hosteli nzima haiingii. Sijagusa kitu wallahi, seva iko hewani, stima haijakatika, akses pointi zote taa ni za kijani.

#20 Ami_Nyaya
saa 5:31 usiku

Vyeti ulivitengenezaje?

#21 Mtepe_Tudor
saa 5:33 usiku

Kwenye ile folda ya certs iliyokuja na FreeRADIUS. Niliandika amri ya make, vikatoka.

#22 BintiMakupa
saa 5:36 usiku

Vile ni vya majaribio. Humo ndani imeandikwa siku 60, na usipobadilisha nambari hiyo, siku 60 ndizo unazopata. Hesabu tangu siku uliyopiga make.

#23 Mtepe_Tudor
saa 5:41 usiku

Siku 60. Leo.

#24 BintiMakupa
saa 5:50 usiku

Pole. Mamlaka uipe miaka kumi, cheti cha seva mwaka mmoja, na uweke ukumbusho mwezi mmoja kabla. Kwa kuwa mamlaka nayo imekufa leo, itabidi ugawe faili jipya kwa kila mtu, hakuna njia ya mkato. Ukimaliza, mamlaka ikiwa hai, cheti cha seva utakibadilisha bila wanafunzi kujua.

Lakini kabla hujatengeneza chochote, acha kilivyo kwa dakika kumi na ufungue logi. Niambie kama kuna hata Accept moja usiku huu.

#25 Mtepe_Tudor
saa 6:04 usiku

Dada, zipo. Nimehesabu akaunti tisa. Zinaingia na kutoka kama kawaida, hazijui hata kama kuna msiba. Imekuwaje? Wana cheti kipya?

#26 BintiMakupa
saa 6:07 usiku

Hawana chochote. Simu inayokagua cheti leo imegoma, kama ilivyotakiwa. Hizo tisa zimeingia kwa sababu hazikagui. Seva imezionyesha cheti kilichokufa nazo zikasema karibu. Zingemwambia karibu na mtu wa begi. Orodha hiyo usingeipata kwa njia nyingine, iandike kabla hujasahau.

#27 Ami_Nyaya
saa 6:10 usiku

Binti huyu nani alimfundisha? Mimi nimefanya kazi hii miaka ishirini na sikuwahi kuwaza kuisoma kasoro namna hiyo.

#28 Mtepe_Tudor
Jumatatu, saa 2:15 usiku

Mrejesho. Vyeti vipya vimewekwa, mamlaka ya miaka kumi. Leo nimepanda ngazi tangu asubuhi, kwanza kwa wale tisa. Nilibadilisha paswadi zao zote, kisha nikakaa na kila simu mkononi mpaka nikaona sehemu ya cheti imejazwa na jina la seva limeandikwa. Saba zilikuwa simu za zamani, zimewekwa "Usithibitishe". Moja ni laptopu ambayo mwenyewe aliondoa tiki ya kukagua cheti kwa sababu "ilikuwa inauliza maswali mengi".

Ya tisa ni ya askari wetu. Nikamuuliza, mzee, karatasi ya maelekezo imebandikwa juu ya kiti chako, mbona hukuifuata? Akasema yeye hakuiweka mwenyewe, aliwekewa na kijana wa chumba 22. Nikauliza, na huyo kijana alikusaidia bure?

"Bure ya wapi," akasema. "Shilingi 30."